Kiswidi cha Mjukuu Wangu

Thornton Heath, London
13 Januari 1985

Mwanangu Nasim,

Assalaam aleikum. Natumai nyote wazima, wewe, mumeo Lennart na mjukuu wangu. Mimi sijambo, ila magoti, na baridi ya London unaijua.

Juzi ulipompa Zuwena simu alinisemesha mengi, nami nikabaki kusema "ndiyo, mama, ndiyo" bila ya kufahamu hata moja. Ana miaka mitano na hatujapata kuzungumza. Sikulaumu. Kiswahili angejifunza kwa nani, na mimi nilikaa miaka nimekununia kwa kuolewa na Mswidi? Basi nifundishe mimi Kiswidi chake. Niandikie maneno anayoyatumia, msimu kwa msimu, maana naona huko kwenu kila kitu hufuata majira. Daftari nimeshanunua.

Mama yako,
Mardhiya

Umeå, Sweden
2 Februari 1985

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Pole na magoti. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Anza na haya. Theluji ni snö. Sema huku umechongoa midomo. Kofia ya sufu ni mössa, nayo ndiyo ugomvi wetu wa kila asubuhi, Zuwena haitaki. Desemba alivaa kanzu nyeupe akaimba skuli na wenzake, mishumaa mikononi. Siku hiyo huitwa Lucia, na wakati huo jua letu halikai hata saa tano kwa siku. Bibi mzaa mama ni mormor, yaani mama wa mama. Ndivyo anavyokuita.

Mwanao,
Nasim

Umeå
5 Mei 1985

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Zuwena bado anacheka ulivyotamka mössa kwenye simu, lakini amewaambia wenzake mormor wake anajua Kiswidi.

Sasa ni vår, majira ya machipuko, theluji inayeyuka. Kuna ua dogo la manjano, tussilago, linalotangulia mengine yote. Analichuma mitaroni na kuniletea viganja vimejaa matope. Mwisho wa Aprili tuliwasha moto mkubwa uwanjani kama wafanyavyo watu wa hapa, wakaimba kuyakaribisha majira.

Njoo Julai, Mama. Lennart ameshakupakia rangi chumba. Ningetamani na Baba angaliona haya. Najua alikufa hajaniradhia, nami nimeshazoea kuishi nalo.

Mwanao,
Nasim

Thornton Heath
3 Juni 1985

Mwanangu Nasim,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo. Mimi nina afya, lakini tangu barua yako silali.

Kuna neno nimelitafuta mwenyewe maktaba: förlåt. Nisamehe.

Baba yako alikuradhia. Wiki tatu kabla ya harusi yako alikuandikia, akanipa barua niiposti nikienda sokoni. Nilikuwa na hasira. Niliifungua, nikaisoma, nikaificha kabatini chini ya nguo. Akawa anangoja jibu. Kila akisikia barua zinaanguka mlangoni alikuwa akiinuka. Mwisho akaniambia, "Labda mtoto amekasirika. Tumwache." Nikanyamaza. Alipokufa hukuja kumzika, watu wakakusema, na hapo pia nikanyamaza.

Barua yake hii hapa, imechelewa miaka sita.

Mama yako,
Mardhiya

Umeå
29 Septemba 1985

Mama,

Barua ya Baba niliisoma kazini, katika chumba cha dawa, nikashindwa kurudi wodini kwa wagonjwa. Anasema ameshanunua suti ya harusi. Mimi sikuja kumzika kwa sababu niliogopa kusimama mbele ya mtu aliyenikana. Kumbe alikuwa ananingoja.

Zuwena aliuliza kiangazi kizima mormor atakuja lini. Yapo matunda madogo mekundu ya porini, smultron. Watoto huyatunga kwenye unyasi kama shanga. Alikuwekea mtungo mmoja mpaka ukaoza. Nilimwambia unaumwa. Sasa ni höst, majani yameanguka. Nilikuahidi maneno ya mwaka mzima na nimemaliza.

Ndani kuna bahasha. Ni jibu langu kwa Baba. Ipeleke kaburini kwake. Usimpe mtu, wala usiifungue. Usinipigie simu. Nitaandika nikiweza.

Nasim

Thornton Heath
12 Oktoba 1985

Mwanangu Nasim,

Assalaam aleikum. Namwomba Mungu akuweke na afya, wewe na wa nyumbani kwako.

Jana nilipanda basi mbili mpaka makaburini. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa laini. Nilikaa kando ya kaburi la baba yako Msabaha na bahasha yako mapajani muda mrefu. Sitakuficha, nilitaka sana kujua ulichomwambia, na kama umenitaja. Kisha nikachimba kwa kijiko cha jikoni upande wa kichwani. Msimamizi wa makaburi akaja kuniuliza nafanya nini. Nilimwambia mume wangu ana barua kutoka kwa binti yake. Akavua kofia, akasimama pembeni mpaka nilipomaliza kufukia.

Sikuombi jibu.

Sikuifungua.

Mama yako,
Mardhiya