Mafuta ya Kibua ilinikimbia

Dada yangu Mapendo wa Bihambwe,

Nakusalimia toka Kibua, mimi kaka yako mwenye kujua miji kushinda ramani.

Nilifika kwa mama ya Sifa ili anione kama nafaa kuoa binti yake. Nilimukuta anatengeneza mawese: ngazi, zile tunda za muchikichi, zimetwangwa ndani ya beseni ya mayi ya moto, matone ya mafuta inapanda juu, inagusana, pap, inakuwa moja. Nikasema, "Mama, acha nikusaidie, mikono yangu iko safi kupita ya munganga." Nilikuwa nimeipaka sabuni ya Goma, na sikuisuuza vizuri makusudi, ili harufu ibaki. Kutia kidole tu, matone yote ikakimbilia pembeni!

Mama akashangaa: "Ee! Hata mafuta inakukimbia, binti yangu ndiyo atakaa na wewe?"

Nikajikaza: "Mama, mayi iko na ngozi yenye kuvuta. Sabuni inailegeza hapa katikati, basi ile ya pembeni inavuta mafuta. Tulisoma ile darasa la ine." Sikumuambia kama darasa la tano lilinikataa.

"Na kunawa mikono, mulisoma darasa gani?"

Sifa, mwenye alikuwa anasikiliza mulangoni, alicheka mpaka akakaa chini. Mama akamwaga beseni yote, akanipa muchi na kikapu kizima cha ngazi. Nimetwanga mpaka mikono imetoka malengelenge. Lakini furahi, dada: muntu mwenye kufukuzwa hapewake kazi.

Unibusie watoto, na Mungu awaongezee maziwa.

Kaka yako, Baraka