Joho la Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Jora la majoho ya kwaya limefika. Zambarau. Nimepima watu ishirini na watano, mgongo hoi. Dobi, dada anayetuongozea sauti ya alto, alikuwa wa kwanza – alipita kabla ya kazi, mikono inanukia sabuni. Lake nikalikata palepale, nikabana karatasi ya vipimo kwa pini, kama kawaida yangu.

Jioni kaja mwalimu wa kwaya. Akasifia cherehani, akasifia mapazia, mwisho akasema kilichomleta. Jumapili tunarekodi video na Dobi asiwemo. Ni ule upande wa kushoto wa uso wake, jiko la mafuta lilimlipukia akiwa mtoto. Watu wataangalia kovu badala ya kusikiliza neno, anasema. Nimwambie kitambaa hakikutosha. Kisha akagusia, juu juu tu, kwamba kwaya ya vijana nayo itahitaji fundi.

Nikasema sawa. Upesi hivyo!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Dobi. Nilijiandaa kwa ugomvi – akanipa pole mimi! Eti majora ya siku hizi yanapunjwa, nisijitie presha. Akaona ndoo yangu ya nguo chafu, akaibeba akafue, maana mimi nina majoho ya kumaliza. Nikamwachia. Mkavu wa macho, mimi.

Vipande vyake nimevisukuma chini ya meza, nikafunika kwa magazeti.

Jumapili, 9 Machi

Tulipendeza, mishono imekaa. Lakini alto ikaanguka wimbo wa kwanza, ikaanguka na wa pili. Bila Dobi hatuna alto, tuna wanawake wanaotafutana. Mwalimu jasho likamtoka. Akamfuata Dobi benchi la nyuma, akamnong'oneza. Nilidhani anamleta mbele.

Akampeleka nyuma ya pazia, na maikrofoni. Dobi akaimba huko, peke yake, sisi tukifungua midomo mbele ya kamera.

Halafu mchungaji akahubiri habari za Daudi – kaka zake, vijana wa kupendeza, wakipita mbele ya nabii mmoja mmoja, na Mungu akiwakataa kwa kuwa yeye hutazama moyo. Tukaitikia amina. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwa penseli ya kuchorea vitambaa, ndiyo niliyonayo mkononi. Niko chumbani. Dobi yuko mbele, pale penye cherehani.

Alikuja asubuhi na nguo zangu, zimepigwa pasi mpaka soksi. Na kitambaa! Kanunua mwenyewe, zambarau iliyokolea zaidi kidogo. Anasema hakutaka niendelee kujilaumu. Akaomba kipande chochote cha jora la kwanza alinganishe rangi. Nikasema vimeisha vyote.

Mama mkwe alikuwa anafagia. Yeye hajui lolote, maskini. Akasema mbona kipo cha zambarau chini ya meza, kila siku anakigonga kwa ufagio. Akainama, akakivuta.

Kifua, mgongo, mikono miwili. Juu yake karatasi, mwandiko wangu: Dobi, namba moja.

Dobi akaisoma. Akavipanga vipande mezani, mkono kwa mkono, kama joho limelala.

"Kumbe kilitosha," akasema.

Nikaanza kusema sijui nini kuhusu mwalimu. Akanikatiza taratibu.

"Mwalimu namjua, dada. Ananiweka nyuma kila siku. Nakuuliza wewe. Wewe ulikuwa unanionaje?"

Nikasema natafuta sindano, nikaingia chumbani. Sindano! Ziko saba kwenye kola yangu.

Miaka sita namjua. Najua mabega yake, kiuno chake, urefu wa mkono wake. Usoni nilikuwa napita haraka, nikijiambia ni heshima. Aibu inaniunguza. Hata leo, aliponiuliza, nilikuwa naitazama karatasi.

Ufagio umenyamaza. Mlango wa mbele sijausikia. Kiti changu cha cherehani kimelia – ameketi. Hana haraka.

Mama mkwe ananiita, anasema mgeni wangu bado anangoja.