Daftari la Mapishi la Mama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, za wifi yako na za mwanetu Kijino, ambaye jino la mbele limeshaota lakini jina limekataa kung'oka. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi huku tu wazima, ila joto la mwaka huu halina adabu. Hata paka wa jirani amehamia kwenye sakafu ya bafu letu na hataki kuondoka.

Kiwandani wamezima tanuri la vioo kwa matengenezo, kwa hiyo nina likizo ya wiki sita, sijawahi kupata ndefu hivyo tangu nianze kazi. Siku mbili za mwanzo nilizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka wifi yako akanipa kadi yake ya maktaba na kunitoa nje. Nilirudi na riwaya nne. Dada, mimi niliyekuwa nikisinzia ukurasa wa pili, sasa nasoma kibarazani asubuhi nzima, miguu ndani ya beseni la maji. Kijino hukaa pembeni na kitabu chake, na tukifika mahali patamu kila mmoja humlazimisha mwenzake asikilize.

Kila Jumamosi tunapanda treni mpaka bustani ya ziwani, tunatandika shuka kivulini na kula. Mpishi ni mimi. Usicheke. Samaki wa limau, biringanya za nyanya, mkate wa ufuta, vyote kwa mikono hii hii iliyozoea kubeba vioo. Majirani wameanza kupita kutujulia hali, na ajabu ni kwamba hali yetu huwashughulisha saa ya chakula tu. Nilikuwa na furaha, Dada, sitakudanganya. Nimekudanganya vya kutosha.

Jumamosi iliyopita tulimkuta Mama Mdogo pale bustanini. Alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, anasoma, kitabu amekisogeza karibu na pua. Nilitaka tugeuze njia, lakini wifi yako alishamwamkia, na kabla sijapata kisingizio alishampakulia sahani ya biringanya. Mama Mdogo alionja kijiko kimoja. Akaonja tena. Kisha akaniuliza taratibu kama ni mimi niliyekwangulia ganda la limau ndani ya nyanya.

Unajua kwamba siri hiyo Mama hakumfundisha mtu. Aliiandika mahali pamoja tu.

Hapa nimechana karatasi mara tatu. Daftari la Mama liko kwangu. Mimi ndiye niliyelichukua, siku ya tatu baada ya mazishi, nikalificha ndani ya koti. Mlikuwa mnagawana vitu vyake, na nilijua daftari la mapishi litakwenda kwako. Kama ningeliomba, mngeangua kicheko: mwanamume mzima na mapishi, wapi na wapi. Nikaona haya. Nilikusudia kulinakili na kulirudisha kimya kimya, lakini mchana ule ule uligundua halipo. Na kwa kuwa Mama Mdogo ndiye aliyefagia jikoni asubuhi, ukamtaka amwage mkoba wake mezani, mbele ya wageni. Akamwaga. Leso, miwani, dawa za presha, tiketi ya basi ya kurudia. Bado ukamwambia ni mwizi, asikanyage tena kwako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, daftari linanigusa mbavu, na sikufungua mdomo. Miaka minne sikuufungua. Hata mke wangu nilimwambia ni wewe uliyenipa.

Pale kwenye benchi nilisema yote, wifi yako akisikia kwa mara ya kwanza. Mama Mdogo akasema alijua. Aliona kona ya jalada la bluu kwenye koti langu wakati anamwaga mkoba. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema ulikuwa umemzika mama yako wiki ile, hakutaka uzike na ndugu yako. Alidhani ningesema mwenyewe kesho yake, kisha akadhani wiki inayofuata, kisha akaacha kudhani.

Siku hizi habebi mkoba, Dada. Vitu vyake anavitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo. Kijino alipomuuliza sababu, alicheka, akasema ni ili asimpe mtu kazi ya kuuliza.

Nilimwomba nimlete kwako. Alikataa, wala si kwa hasira. Alisema miaka minne kwetu sisi ni michache, kwake ni sehemu kubwa ya iliyobaki, na hana miguu ya kurudi kwenye mlango uliomfukuza. Kwa hiyo itabidi umfuate wewe. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Daftari nimelifunga pamoja na barua hii, ni lako. Sikuwahi kulinakili.

Nisalimie shemeji na watoto, mkubwa kwa mdogo, na uliangalie hilo goti. Usinijibu mimi kwanza, mwandikie yeye. Hasira zako nitazipokea zote, hata ukiamua tusionane tena. Zile ulizompa yeye miaka yote hii zilikuwa zangu.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba