Mwiko ya Bukari Iko Ngambo ya Ukuta

Papa Estelle,

Minaenda soko, nitarudia mangaribi. Mboga ya sombe iko kwenye nyungu. Dawa ya kupakala mugongo iko pa dirisha. Bukari hakuna, kuleni mukate, juu mwiko yangu ya kuisonga iko ngambo ya ukuta, kwa Mama Daniella. Chancelvie wetu akitoka masomo, aende aiombe.

Munganga alikuambia mbele yangu: kwa miaka yako, fimbo ya golf isipite bega. Kiuno igeuke pamoja na mabega, kisigino ya kushoto inyanyuke. Hata mupira ikienda karibu tu, si kitu. Kila asubui unafanya vile muzuri kabisa, weye peke yako.

Lakini leo Mardochée, mwenzako wa golf, alikuya kukutafuta, akakucheka: «Wee Paulin, unapiga sasa kama mama anafagia!» Basi. Fimbo zako zilikuwa tayari kwenye motoka yake, basi ukashika mwiko yangu umuonyeshe, ukaizungusha mpaka nyuma ya kichwa kama kijana. Mwiko ikaruka ukuta. Weye ukabakia chini, umepindama, unaita mama yako.

Mardochée alicheka tena, akaenda kucheza golf. Mi njo nilikuinua.

~~Zile fimbo nitaziuzisha.~~ Hapana, zibakie. Ukipona, piga fupi, hata kama anacheka.

Siku ya Samedi ni ndoa ya Estelle. Bantu bote batakuwa banaangalia mulango ya kanisa. Nimuambie nini mutoto: akushike mukono, ao akubebe?

Bibi yako, ule wa kufagia