Jina Lisilotajwa Kwenye Kanda

Igogo, Mwanza
14 Machi 1999

Mpendwa rafiki yangu Bernadeta,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Igogo. Hali yako huko Musoma ikoje, na shemeji Zadok hajambo? Mtoto bila shaka anasimama dede sasa. Sisi tunaendelea, mama mguu unamsumbua, lakini sokoni anafika na kurudi. Mimi ni mwaka wa kwanza kazini, nafundisha Kiingereza darasa la tano, watoto tisini chumba kimoja. Najua tumekaa miaka bila kuandikiana, na kosa ni langu. Kila nikishika kalamu kukuandikia, naiweka chini.

Mwezi uliopita Precious wa Mzee Antoni alichumbiwa, tukaalikwa. Baada ya chakula akatoa zile kanda za Mpenyaji, yule shujaa wa Kimarekani aliyekuwa anapita kwenye kuta, tulizokuwa tunaziangalia kwao kila Jumamosi mchana mwaka 1993. Unakumbuka Mzee Antoni alipopata kazi kiwanda cha minofu ya samaki, akawa wa kwanza mtaani kununua televisheni na deki? Sebule ilijaa mpaka madirishani. Nami, kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili, nikakalishwa kwenye stuli kando ya televisheni niwatafsirie watu.

Bernadeta, Kiingereza nilikuwa sikijui. Nilidaka neno hapa na pale, yaliyobaki nikayatunga. Mpenyaji akisema maneno marefu, mimi nasema, "Leo mtanikoma!" na watu wanapiga makofi. Mzee Antoni alijisifu kuwa mtaa wetu una msomi. Sifa zile zilinilevya.

Katika kanda ile ya kwanza kulikuwa na mama mzee mwenye macho mekundu, aliyetokea kila mji ulipofunikwa na moshi. Nasi mtaani tulikuwa na bibi yako Paskazia, aliyekaanga mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki kiwandani, nyuma ya nyumba yenu tangu asubuhi, moshi wote ukimwishia usoni. Wiki ile alikuwa ameniona kwenye mawe ya ufukweni nimekaa na yule mvulana Collins wakati wa tuisheni, akamweleza mama. Alimweleza kwa wema, kama mzazi. Mama alinichapa mbele ya wapangaji. Jumamosi yake, yule mzee wa kwenye kanda alipotokea, niliwatangazia watu kuwa ndiye anayetuma moshi uue watoto, na kwamba jina lake ni Paskazia.

Watu walicheka. Wewe pia ulianza kucheka, halafu ukanyamaza. Njiani ulinishika mkono ukaniuliza, "Hellen, kweli wamesema Paskazia?" Nikakujibu, "Wamesema. Nimesikia kwa masikio yangu."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Watoto walianza kumwimba akipita. Mapanki yake yakakosa wanunuzi. Mtoto wa Ngosha alipokufa kwa homa, watu wazima, ambao hata sebuleni mle hawakuwahi kuingia, walisema kwamba uchawi wake unajulikana mpaka kwenye video. Yakaja mawe juu ya bati, ikaja ile karatasi mlangoni ikimpa siku tatu ahame. Mzee Maige, kaka yake, alikuja na mkokoteni kumchukua kwenda Bujora. Wewe hukuondoka naye, ulibaki kwa shangazi yako. Tena ulikuwa umeshaacha kula chakula alichopika. Nilikuona ukikimwaga nyuma ya choo, nikakaa kimya.

Sasa kanda ile nimeiona tena. Yule mama mzee ndiye aliyekuwa anawaonya watu kuwa moshi unakuja. Alikuwa mama yake Mpenyaji. Macho yaliharibika siku alipomtoa mwanawe kwenye nyumba inayoungua. Precious alikuwa anafuta machozi. Mimi nilitoka nikaenda nyumbani bila kuaga.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilikosea kwa kutojua lugha, na pengine ungenisamehe. Lakini Mpenyaji alimwita mama, wazi kabisa, mara tatu, na neno hilo la Kiingereza nililijua tangu darasa la tatu. Siku ileile nilijua kuwa si adui. Na jina la bibi yako halikutajwa popote. Nililitaja mimi, kwa hasira ya fimbo za mama. Nawe ulipouliza, nilikudanganya huku nakutazama usoni.

Jumapili iliyopita nilikwenda Bujora. Bibi ana nguvu, ingawa jicho la kushoto halioni tena. Nilimkuta anakata viazi vya kuanika michembe. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Alikata viazi vitatu, vinne. Kisha akauliza, "Bernadeta anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi umekosea mtu wa kuanza naye. Mimi nilikuwa najijua. Kamwambie yeye." Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Nilipoaga hakunipa mkono.

Jumamosi ijayo kuna mkutano wa mtaa. Nimemwomba mwenyekiti nafasi niyaseme haya mbele ya watu. Mama analia, anasema nitapoteza heshima yangu ya ualimu. Nitasema hivyo hivyo.

Barua hii ukitaka ichane, ukitaka mwonyeshe shemeji. Ila nakuomba uende Bujora. Shuka Kisesa, ulizia kwa Mzee Maige. Chumbani kwa bibi kuna vitanda viwili, na kile cha pili kimetandikwa shuka safi. Nilimuuliza nani analala pale. Akasema tangu ahamie, hajalala mtu.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu. Mama anawasalimu nyote. Usiponijibu, nitaelewa.

Ni mimi niliyekukosea,
Hellen