Fyuzi ya Lumina ya Marehemu

Jumamosi, 14 Oktoba 2017. Asubuhi ukungu uliufunika mtaa wetu wote wa Garhoud, hapa Dubai, na vioo vya madirisha vilitoka jasho kwa nje.

Leo sijui mimi ni mtu wa nani katika nyumba hii.

Niandike kwa utaratibu, labda nitaelewa. Marehemu mume wa Bi Mkubwa aliacha gari, Lumina nyeusi iliyotoka Australia, injini ya silinda nane. Ukiiwasha, vikombe vya kabatini vinatetemeka. Tangu azikwe, kazi yangu kila asubuhi ni kuivua turubai na kuingurumisha kidogo ili betri isife. Bi Mkubwa husogeza kiti dirishani. Anasikiliza.

Jana baada ya sala ya Ijumaa mwanawe, Khalid, alituambia amepata mnunuzi. Bi Mkubwa aliitikia, "Inshallah." Kisha akanifuata jikoni.

"Katoe kile kifyuzi cha pampu ya mafuta, mwanangu, n'takuonyesha kilipo. Mzee akikitoa kila Alhamisi usiku, huyu Khalid asende kuizungusha gari mchangani na wenziwe. Hajakijua mpaka leo."

Alicheka hadi akashika meza. Tangu msiba sijamwona akicheka vile.

Nikakitoa.

Mnunuzi amekuja saa nne, Mwaustralia wa makamo anayesimamia ghala kule Investments Park. Amelizunguka gari, akipapasa paa kama mtu anayemtuliza farasi. Amesema kiwanda cha kwao kinafungwa mwezi huu, gari kama hizi hazitatengenezwa tena, na hii anataka kuitunza mpaka azeeke. Khalid akawasha. Injini ikazunguka, haikushika. Akarudia na kurudia, shati likamganda mgongoni.

"Ina kiburi kama mzee mwenyewe," alisema, kisha akanigeukia. "Wewe, jana uliiwasha?"

"Niliiwasha, sir."

Ni kweli, jana asubuhi niliiwasha. Sikusema kwamba baadaye nilikitoa kifyuzi.

Mnunuzi aliaga kwa adabu. Alisema injini asiyoisikia hawezi kuinunua. Alipoondoka, nilimsikia Khalid getini na simu: "Yalla, njooni kesho saa mbili. Ikateni, muuze vipuri. Khalas, nimechoka nayo."

Yaani tungeiacha iuzwe, ingepata mtu wa kuipenda. Tumeizuia, inakwenda kukatwa.

Bi Mkubwa hajui. Amekula vizuri, amenipa pande kubwa la samaki na kuniita shujaa, kisha amelala mapema. Nilishindwa kumwambia. Nilisimama mlangoni kwake nimeshika birika tupu, nikarudi nalo jikoni.

Nikirudisha fyuzi, Khalid atajua nilimficha, na yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wangu katika nchi hii. Viza yangu inaisha mwezi ujao. Nikinyamaza, nimemtii mama na nimemwangamizia kitu pekee alichobaki nacho cha kusikiliza. Nimkasirikie nani? Khalid hakudanganya mtu. Bi Mkubwa alitaka mumewe angurume siku mbili tatu zaidi.

Nitamwamsha kwa sala ya alfajiri, nimwekee fyuzi kiganjani na kumwambia watu wanakuja kulikata gari. Amwite mwanawe, amwite na yule Mwaustralia. Khalid akiuliza nani alikitoa, nitasema mkono ulikuwa wangu.

Akiniomba ninyamaze tena, sitanyamaza.

Nadhani sitanyamaza.

Sasa ni saa saba kasorobo usiku. Nalala.