Kiti Kilichomrudisha Mama Sebuleni

Nyumbani, sebuleni,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya dume? Sisi huku wazima, na mimi ndiye mzima kuliko wote, maana nimeshinda. Ndiyo, nimeshinda! Kaa vizuri nikusimulie.

Unajua tangu Mama aanguke magoti yake hayana nguvu. Ila jambo moja tulikuficha usije ukakosa usingizi: aliacha kabisa kuja sebuleni. Yale masofa ya dukani yanammeza. Akishakaa hainuki mpaka tumvute mikono, na siku moja tulimvuta mbele ya wageni. Aibu aliyoiona! Toka hapo akawa anakula chumbani peke yake, mlango kaurudishia. Nyumba ikapoa. Niliumia, mdogo wangu.

Nikaenda kwa yule seremala wa nyuma ya soko, tunayemwita Bwana Kesho, nikamwagiza kiti kigumu cha mbao chenye mikono ya kushikia. Shangazi aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Eti kiti hicho tutakikalia ahera. Halafu akaongeza kwamba Mama sasa ni wa kitandani, nikubali tu. Neno hilo lilinichoma. Nikaapa atanyamaza.

Na kweli, Kesho ni Kesho. Leo gundi haijakauka, kesho msasa umekwisha, keshokutwa mbao bado mbichi. Nikaona huyu dawa yake ni kumganda kama ruba. Nikabeba kitambaa changu cha kufuma, nikawa nashinda pale karakanani, vumbi la mbao limenijaa puani, na kila mteja anayeingia namweleza nasubiri kiti cha mama yangu. Akaona haya kunidanganya mbele za watu. Akapiga randa!

Sasa sikia kioja. Mama alikataa katakata kupimwa. Alisema mtu hupimwa na seremala akishakufa. Kwa kuwa watu wote husema mimi ni Mama mtupu, nikapimwa mimi. Bwana Kesho akakileta kiti mwenyewe, chekundu, kinang'aa, hakina kasoro. Tukambembeleza Mama akatoka, akakaa. Lo! Miguu ikaning'inia. Nilisahau kwamba sura ndiyo ya Mama, lakini miguu nimechukua ya Baba.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mama aliitazama miguu yake, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, mpaka machozi yakamtoka.

"Mmeniletea kiti cha kinyozi!"

Bwana Kesho akaanza kusema atakichukua, akirudishe kesho. Mama akamkatiza: "Humu ndani hamna kesho. Kata sasa hivi."

Basi zulia likakunjwa, msumeno ukaletwa, miguu ya kiti ikakatwa palepale sebuleni. Mama anakaa, anajaribu, mimi na shemeji yako tunamwinua. "Punguza. Bado. Punguza tena. Haya, basi!"

Mara tukasikia hodi. Shangazi! Mimi nina ufagio mkononi, shemeji yako kakumbatia zulia, fundi yuko chini na msumeno wake. Kabla sijautua ufagio, Mama akaikanyaga sakafu sawasawa, akashika mikono ya kiti, akainuka. Peke yake, mdogo wangu! Hakuna aliyemgusa. Akaenda taratibu, akafungua mlango mwenyewe.

"Karibu, wifi. Masofa yale pale. Kile kiti kina mwenyewe."

Shangazi akaenda kukaa kwenye sofa, likammeza. Mimi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Na jana, usicheke, alienda kuagiza cha kwake. Ameambiwa aende kesho.

Shemeji yako anakusalimu, wapwa wako wanakuamkia, na Shangazi pia anakusalimu, kwa sauti ya chini. Mungu akulinde, akupe riziki na watu wema wa kukaa nao mezani.

Nilitaka nimpelekee Mama karatasi hii chumbani atie neno lake hapa chini. Amesema nisijisumbue, anakuja mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
mwenye miguu ya Baba.